Ijumaa Zisizo na Barua

Nitaanza kwa kutenga mambo mawili, kama nilivyozoea kufanya kazini kabla ya kupima shamba lolote lenye ugomvi. Upande mmoja ni niliyoyaona. Niliona kompyuta yangu, iliyokuwa ikinipokelea barua za binti yangu kila Ijumaa, ikiacha kupokea. Niliona kanga imetandazwa juu ya kioo chake siku tuliyomzika jirani yangu. Niliona waya wake wa umeme umechomolewa ukutani, umekunjwa vizuri na kuwekwa mezani. Upande wa pili ni niliyoyasikia: kwamba ilipigwa na radi, kwamba imeingiwa na jini, kwamba mashine zote duniani zimeanza kufa mojamoja kwa kuuogopa mwaka wa elfu mbili. Haya ya pili nayaandika mara moja tu, ili msomaji ajue kwamba yalisemwa na asiyategemee.

Nilikuwa mpima ardhi wa serikali. Nilitembea na mnyororo na darubini kutoka vumbi la Kinango hadi tope la mikoko ya Gazi, na kila nilipofika nilimkuta mtu wa kunionyesha mpaka wa shamba lake kwa kidole, akisema, "Babu alituambia." Nami nilimwuliza, "Wewe umeuona?" Watu hawakunipenda kwa swali hilo. Hata baada ya kustaafu na kurudi kwangu Msambweni, wanaponiona barazani hupunguza sauti, kwa sababu wanajua kwamba habari waliyonayo nitaiuliza ilikotoka. Sina kinyongo nao. Naeleza tu kwa nini nyumba yangu ni ya kimya.

Ilizidi kuwa ya kimya mke wangu alipofariki. Tulijaliwa mtoto mmoja, binti, aliyesomea kompyuta Nairobi kisha akaenda kufanya kazi katika nchi ya baridi. Alipokuja baada ya matanga ya mama yake aliniletea kompyuta, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, upande aliokuwa akikaa mama yake. Ndani yake aliweka Linux, mfumo alioutumia yeye mwenyewe kazini.

"Baba," aliniambia, "hii haikufichi kitu. Kila kilichomo ndani unaweza kukifungua ukakitazama."

Alijua maneno ya kunishika. Alinifundisha kuandika amri, kusoma barua na kujibu, na namna ya kuipigia simu Mombasa kwa mkono ili kuhakikisha kwamba laini ni nzima. Mengine yote aliyafanya yajiendeshe. Kila Ijumaa alasiri, nikiwa nimetoka msikitini na kula, kompyuta ilipiga simu Mombasa yenyewe. Kwanza ilichukua marekebisho mapya ya programu zake na kujihuisha, kwa kuwa, alisema, mashine isiyorekebishwa huzeeka upesi kuliko mwenyewe. Kisha ilizileta barua zake na kuzipeleka zangu, halafu ikakata simu. Mimi nilikaa na kikombe cha kahawa, nikiisikiliza ikilia na kuguguna, nikijua kwamba ikinyamaza kutakuwa na barua. Maagizo ya kazi hiyo aliyaweka katika jalada lake mwenyewe, akaniambia, "Humu, Baba, usiguse." Sikugusa. Baba haingii chumba cha binti aliyekwisha kuwa mtu mzima.

Laini ya simu niliiachia kompyuta peke yake. Chombo cha kuzungumzia nilikiondoa zamani, nikakifungia kabatini, kwa sababu tangu mke wangu aondoke kilikuwa hakiniletei ila watu wa mtaani waliokuja kusubiri simu zao sebuleni kwangu na kuniachia uvumi wao.

Barua ya mwisho niliyoipokea kabla ya mambo haya ilikuwa fupi. Binti yangu alisema kwamba amehama nyumba, hana simu bado, na anwani ya posta atanipa Ijumaa itakayofuata. Kisha aliandika hivi: "Kuna mtu anataka kubisha mlango wako kwa heshima. Ijumaa nitakueleza ni nani. Sitamwambia ndiyo wala hapana mpaka nipate neno lako, Baba." Niliisoma nimesimama. Hana kaka, hana ami aliye hai. Mimi ndiye walii wake wa kumwozesha, na neno hilo likikosekana kwangu halipatikani kwingine.

Usiku wa kuamkia Ijumaa hiyo jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alifariki. Nyumba yake ni ndogo, na kwetu msiba ukijaa kwa mwenyewe humwagika kwa jirani. Niliacha mlango wangu wazi. Wanaume tukaenda kuswali, tukamswalia, tukamzika. Wanawake waliojaa kwa mfiwa waliingia kwangu, wakaketi kwenye mikeka sebuleni wakisoma uradi. Niliporudi nilikuta kanga juu ya kioo cha kompyuta na waya uliokunjwa, kama nilivyotaja. Sikushangaa. Katika nyumba ya msiba vioo hufunikwa, na redio hunyamazishwa. Nilidhani mtu ameifunika kuikinga na vumbi la watu wengi, nikaiacha hivyohivyo mpaka matanga yalipoanuliwa.

Nilipoiwasha ilijikagua kwa muda mrefu kuliko kawaida, ikatiririsha mistari mingi, kisha ikafunguka kama siku zote. Barua zote za zamani zilikuwamo. Nikaona ni salama. Ijumaa ilipofika niliketi na kahawa yangu. Kahawa ikapoa.

Ijumaa ya pili ikawa hivyo pia.

Kazi ya mpima anayetafuta jiwe la mpaka lililopotea ni kurudi kwenye jiwe la mwisho analoliamini, akapima kutoka hapo. Nilianza na laini. Nilikitoa chombo cha simu kabatini, nikakiunganisha. Mlio ulikuwepo, safi. Nikakirudisha kabatini. Nikaipigia simu Mombasa kwa amri aliyonifundisha binti yangu: modemu, kifaa cha kompyuta cha kupigia simu, ikalia, Mombasa ikaitikia, taa zikatulia. Kwa hiyo barabara ilikuwa wazi. Lakini kutoka hapo sikujua jinsi ya kuzichukua barua, maana hilo ndilo alilolifanya lijiendeshe, na neno la siri la kufungulia sanduku la barua lilikuwa katika maagizo yake.

Ijumaa iliyofuata niliisogelea mashine, nikaweka sikio karibu na sanduku lake. Ilipofika saa yake, nilisikia kitu ndani kikizunguka kidogo, mara moja, kama mtu anayefika kizingitini. Kisha kimya. Haikupiga simu. Haikuandika neno kiooni. Hilo nililiona na kulisikia mwenyewe, na lilinisumbua kuliko kama ingekuwa imekufa. Mashine iliyokufa haiji. Hii ilikuja, ikaondoka.

Hapo ndipo nilipofanya nisilolizoea, nikaomba msaada. Nilikwenda Ukunda, kwenye duka moja lenye kompyuta ambako watu hulipia kutuma barua. Nilimkuta mhudumu akimsomea mwenzake kwa sauti barua ya mtalii aliyemwacha mke wake, na wote wawili wakicheka. Nikageuka. Jambo la walii halisomwi juu ya kaunta. Mtu mmoja barabarani alinielekeza kwa fundi wa kompyuta wa hoteli za Diani, mtu wa bara, baba wa watoto watatu, na kwa kweli alikuwa mtu mwema. Alikuja siku yake ya mapumziko. Aliitazama kompyuta kama mtu anayetazama mbuzi mwenye miguu mitano.

"Mzee, hii mbona haifanani na za watu?"

"Inafanana na mwenyewe."

Alicheka, akaketi. Aligusagusa, akatikisa kichwa. "Hii imeingia virusi, mzee. Huko hoteli zote saa hii ni virusi tu."

"Umeviona?"

"Virusi hazionekanangi, mzee."

"Basi umejuaje kwamba vimo?"

"Si ndio watu wanasema? Sasa, mimi nitakufanyia hivi. Tunafuta hii yote, tunaweka ile ya kawaida, ile kila mtu ako nayo. Kesho uko sawa kabisa."

"Na barua zilizomo ndani?"

"Hizo zitaenda. Lakini si ni barua tu?"

Nilimmiminia chai. Akainywa akitazama nyumba: meza, upande mmoja mashine, upande wa pili kikombe changu na kiti kimoja.

"Mzee, kwani unakaa peke yako?"

"Hilo umeliona kwa macho yako," nilimwambia. "Hapo hujakosea."

Nilimsindikiza hadi barabarani. Kompyuta sikumruhusu aifute. Barua zote za binti yangu tangu aondoke zilikuwa humo, na moja ambayo sijaiona ilikuwa mahali fulani ikisubiri.

Ijumaa ziliendelea. Kinyozi wangu aliniambia habari ya mwaka wa elfu mbili. Barazani nikasikia la jini: kwamba siku ya mazishi mashine ililia yenyewe, na kwamba tangu hapo haina raha. Wengine walisema ni radi, na nilipowauliza ni radi ya siku gani, walitazamana. Sikumwandikia binti yangu katika muda huo wote. Mimi huandika kwa kujibu, na hapakuwa na cha kujibu. Alasiri nilikaa na kahawa mbele ya kioo kisichosema, na nakiri kwamba yapo mazungumzo niliyoyafanya na kiti kitupu, ambayo hayamhusu msomaji.

Ikafika arobaini ya jirani, iliyosogezwa Jumapili ili jamaa wapate nafasi. Jamaa zake walikuja tena, wa Gazi na wa Bodo, hitima ikasomwa, watu wakala. Baada ya chakula nilikwenda uani walipokuwa wanawake, nikasimama mbali kidogo kama inavyostahili. Niliwajua wengi waliokuwa sebuleni kwangu siku ile. Katikati yao aliketi shangazi wa marehemu, mkongwe kutoka Bodo, mkubwa kwangu kwa umri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Si wewe Bwana Mpima? Si wewe uliyepima shamba la ndugu yangu ukamkata mnazi ukampa jirani?"

"Mnazi ulikuwa wa jirani, bibi."

"Ulikuwa wa jirani," alikubali. "Lakini nazi zake tulikuwa tukila sisi."

Wenzake wakacheka. Nilingoja watulie, nikasema kwamba nimekuja kuuliza jambo moja tu: siku ya mazishi, ni nani aliyeizima mashine yangu, na ilikuwaje. Mmoja akainamia sahani. Mwingine akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye amesikia ilikuwa ni radi.

"Radi gani?" alisema bibi. "Radi ni mimi."

"Basi nieleze, bibi. Uliyoyaona tu."

"Mimi sina macho ya mwenzangu hata nikueleze ya kwake. Tumeketi, tunasoma, maiti ndiyo kwanza ametolewa. Mara kitu chako hicho kikapiga kelele, kwiii, kama paka aliyebanwa na mlango. Hawa wote wakataka kukimbia."

"Si kweli!" alisema mmoja.

"Wewe ulifika mlangoni, nyamaza. Nikawaambia, ketini, huenda ndiyo desturi yake. Kweli, kikanyamaza. Halafu kikaanza kutafuna. Kru, kru, kru. Muda mrefu, na kijitaa kinakonyeza. Nikasema, hapana. Maiti hajafika kaburini, na humu ndani kuna kinachokula? Nikakichomoa. Nikakikunjia kamba yake, nikakitandazia kanga yangu kama tunavyofunika vioo. Kanga hukunirudishia, lakini leo ni arobaini, sisemi. Je, nilikikosea adabu?"

"Ulipokichomoa, bibi, kilikuwa kimekwisha kutafuna au bado?"

"Bado. Mdomo umejaa."

"Una hakika?"

"Bwana Mpima! Wataka nipande na jiwe la mpaka hapa?"

Nilimshukuru. Nilimrudishia kanga yake jioni hiyohiyo, lakini kwanza nilikwenda nyumbani, kwa sababu sasa nilikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa amenipa jiwe la kuanzia. Kulia ni kupiga simu. Kutafuna ni kujihuisha. Mashine haikuzimwa ikiwa imelala. Ilizimwa ikiwa katikati ya kazi, na lolote lililokuwa limeanzwa wakati huo lilikuwa halijamalizwa.

Nililifungua jalada aliloniambia nisiliguse. Nilisita kabla ya kubonyeza, kisha nikabonyeza. Nilitarajia lugha ya mashine, na ilikuwemo. Lakini juu ya kila fungu la maagizo binti yangu alikuwa ameandika kwa Kiswahili maelezo ambayo mashine huyaruka na mtu huyasoma. Aliyaandika ili siku nitakapoingia nielewe. La kwanza lilisema: "Piga hodi. Kama kufuli lipo, ujue kuna kazi ndani. Rudi kimya, usimsumbue Baba." Chini yake: "Kufuli halipo? Liweke, kisha uanze." Na mwisho kabisa, baada ya kujihuisha, baada ya barua, baada ya kukata simu: "Ondoa kufuli."

Kufuli lenyewe ni faili tupu. Halina hata herufi moja ndani. Kuwepo kwake tu ndiko kunakosema kwamba mlango umefungwa. Nilitafuta mahali alipopataja. Lilikuwepo, na tarehe yake ilikuwa ya Ijumaa ya mazishi, alasiri. Bibi wa Bodo hakukosea hata kidogo. Mashine ilijifungia mlango kwa ndani, ikaanza kazi, ikakatwa umeme, na aliyekuwa na jukumu la kulifungua kufuli hakufika kwenye mstari wa mwisho. Tangu hapo kila Ijumaa maagizo yale yalikuja mlangoni, yakaliona kufuli, yakadhani kuna mtu ndani anayefanya kazi, yakarudi kimya.

Nilikaa nikiyatazama maneno yale. Mtu aliyelelewa kwingine angeiagiza mashine igombe, iandike kwa herufi kubwa kwamba mlango haufunguki, ipige kengele. Binti yangu alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba mtu hupiga hodi, asipojibiwa hugeuka akaenda zake, wala hachungulii dirishani. Aliipa mashine malezi aliyopewa yeye.

Nililifuta kufuli. Kisha nikayaanzisha maagizo kwa mkono, bila kungoja Ijumaa. Modemu ilipiga ukelele wake, na kwa kuwa madirisha yote yalikuwa wazi na watu wa arobaini hawajatawanyika, nilisikia sauti kutoka ng'ambo ya ukuta:

"Bwana Mpima! Kimefufuka?"

"Kimepata njaa, bibi!"

"Haya, leo kiache kimalize!"

Hakikumaliza. Baada ya muda kilisimama na kunieleza, mara hii kwa maneno, kwamba programu mojawapo haikuwa ya zamani wala mpya: imefunguliwa, haijapangwa. Ilikuwa ni programu ileile inayobeba barua. Lakini mashine iliniandikia pia amri ya kuikamilisha, nami niliinakili herufi kwa herufi. Ikaniuliza swali moja. Programu mpya imekuja na mpangilio wake, ilisema, na uliopo hapa umebadilishwa na mkono wa mtu. Je, niweke mpya au nibakishe uliopo? Nilibakisha uliopo. Mpya sikumjua aliyeuandika, na uliopo nilimjua.

Nikalifuta kufuli lililobaki, nikayaanzisha maagizo tena. Ikalia, ikatafuna, ikaendelea kutafuna. Kisha barua zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, na nikaziacha zote ziingie kabla sijafungua hata moja, kwa sababu mambo husomwa kwa mpangilio wake.

Ya kwanza ndiyo niliyokuwa nikiingoja. Mtu mwenyewe ni wa Vanga, si mbali na hapa. Walikutana hukohuko ugenini, naye ni fundi wa injini za meli. Anaswali. Ana mama hai. Anataka kuja kwangu na wazee wake, lakini hatathubutu kabla sijasema neno. "Nakusubiri, Baba," aliandika.

Ya pili ilikuwa nyepesi. "Baba, hodi? Sijaona jibu. Labda laini imeharibika kwa mvua."

Ya tatu haikuwa nyepesi. "Nimepiga simu kutoka kibanda cha barabarani. Inaita tu. Amepita hapa mtu wa Ukunda, anasema amesikia kwamba umekasirika, na kwamba umesema humtaki mkwe ambaye umemsikia tu. Sikumwambia mtu yeyote habari hizi, sijui amezitoa wapi. Lakini nakujua, Baba, na maneno hayo yanafanana na yako. Hodi ya pili."

Nitasema hapa, kwa kuwa ni jambo ninaloweza kulithibitisha: maneno hayo sikuyasema kwa mtu yeyote. Nisingeweza kuyasema, kwa kuwa hata huyo mkwe nilikuwa sijamsikia.

Ya nne ilikuwa ya mwisho. "Baba, hii ni hodi ya tatu. Mama alinifundisha kwamba hodi ni tatu, na mimi sitachungulia dirishani. Nisipojibiwa nitajua kwamba mlango umefungwa, nami nitamwambia mwenzangu aende zake kwa amani. Sina kinyongo. Nakutakia afya."

Nilitazama kama ipo ya tano. Haikuwepo. Tangu ya nne, Ijumaa nyingine zilikuwa zimepita.

Niliandika jibu nikiwa nimesimama, kama nilivyoisoma ile barua fupi. Mimi si mtu wa barua ndefu. Niliandika: "Karibu, mwanangu. Nilikuwa ndani muda wote. Kufuli lilikuwa la mashine, si langu. Aliyekwambia kwamba nimekasirika hakuniona, na ukimwona mwambie nimesema hivyo. Huyo mtu wa Vanga usimwambie aende. Kama umekwisha kumwambia, mwambie arudi. Namtaka hapa, mbele yangu, nimwone kwa macho yangu. Mimi ndiye walii wako, na neno langu ndilo hili: karibuni." Nililisoma mara mbili kuhakikisha kwamba halina neno nisiloweza kulisimamia. Kisha nikayaanzisha maagizo yake kwa mara nyingine.

Hayo yalikuwa Jumapili. Leo ni Jumanne, na Ijumaa haijafika. Asubuhi nilikwenda kunyolewa. Kinyozi, ambaye hana siri, aliniambia kwamba amesikia kwa watu wa Vanga kuwa kuna kijana wao atakayekuja karibuni kutoka ugenini, tena atakuja na mwenzake. Nilimwuliza amesikia kwa nani hasa. Hakukumbuka. Nilimwuliza kama habari hiyo ni ya kabla ya Jumapili au ya baada yake. Hakujua. Niliinyamazia, kama ninavyozinyamazia habari za aina hiyo, ingawa niliketi kwenye kiti chake muda mrefu kuliko zinavyohitaji nywele nilizo nazo.

Kwa hiyo sitasema kwamba ameisoma barua yangu, wala kwamba yule mtu aliambiwa aende au hakuambiwa. Nasema nililoliona Jumapili, jua likiwa bado juu. Foleni ya barua za kutoka ilikuwa na barua moja. Modemu ililia, Mombasa ikaitikia, mashine ikatafuna kidogo, simu ikakatwa. Nilipoitazama foleni tena ilikuwa tupu. Kisha nililifungua jalada la binti yangu, nikatazama mahali pa kufuli. Halikuwepo.